Rekodi za ukaguzi wa ubora kiwandani zitunzwe miaka mingapi? Maswali tunayoulizwa sana na wenye viwanda wa Mbeya, Iringa na Njombe

Maswali haya yametoka kwa watu wa mashine za unga, wakoboaji wa mpunga wa Mbarali na Kyela, wakamuaji wa alizeti, watu wa nguzo na mbao Mafinga, wafungashaji wa parachichi Njombe na Rungwe, na mafundi wanaotengeneza mashine. Mengine yameulizwa na wamiliki wenyewe, mengine na vijana wa ubora ambao bosi kawaambia "hayo makaratasi yanajaza stoo, choma". Usichome kwanza, soma hapa.

Nipe jibu moja tu, ni miaka mingapi?

Haya. Kama hakuna sheria inayokutajia muda na hakuna mteja aliyekuandikia kwenye mkataba, chukua muda wote ambao bidhaa yako inaweza kuwa mikononi mwa mtu ikitumika, alafu ongeza mwaka mmoja juu yake. Ukishapata hiyo namba ilinganishe na muda wa sheria ya kodi, muda wa mkataba na muda anaotaka mteja, kisha chukua ule mrefu kuliko yote. Kwa wazalishaji wengi wa chakula huku kwetu miaka 5 inafunika karibu kila kitu na inakupunguzia kazi ya kukumbuka faili gani inatoka lini. Kwa nguzo, tofali na mashine miaka 5 ni michache mno, nimeeleza huko chini.

Nianze kuhesabu kuanzia lini, siku niliyokagua?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanapopotea. Siku ya ukaguzi ni siku yako wewe, mlaji haimhusu. Umekagua unga Januari, umeufungasha, ukaandika ekspaya miezi 6, gunia la mwisho limetoka stoo Machi, duka la Chunya limeliuza Juni, mama kalimaliza Julai. Ukihesabu kuanzia Januari unaona karatasi imezeeka, kumbe bechi yenyewe (mzigo uliozalishwa kwa mkupuo mmoja) ilikuwa bado inapikwa ugali miezi hiyo yote. Kwahiyo hesabu kuanzia tarehe ya mwisho ya matumizi ya bechi nzima, na kama bidhaa yako haina ekspaya hesabu kuanzia siku kipande cha mwisho cha bechi hiyo kilipotoka getini. Ndo maana kwenye kila fomu kuwe na sehemu mbili, tarehe ya kukagua na tarehe ya kuruhusu kuteketeza, na hiyo ya pili ijazwe siku ileile fomu inapofungwa, maana baada ya miaka hamna mtu atakayekaa chini kupiga hesabu.

TBS wanataka miaka mingapi?

TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, inafanya kazi chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009, na tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula na vipodozi yalitoka TFDA (ambayo sasa ni TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) yakaenda TBS. Ukiwa na leseni ya alama ya ubora unatakiwa uwe na udhibiti wako mwenyewe ndani ya kiwanda na uweze kuuonyesha kwa maandishi, kwahiyo soma masharti ya leseni yako na kiwango cha bidhaa yako maana ndo vinavyokufunga wewe. Ukikuta hamna muda uliotajwa, mwongozo wa kimataifa wa usafi wa chakula wa Codex unasema rekodi zitunzwe kwa muda unaozidi maisha ya bidhaa sokoni, au kama mamlaka itakavyoelekeza. Ofisi ya kanda ipo Mbeya, nenda ukaulize na uombe jibu kwa maandishi, jibu la mdomo mkaguzi mwingine halitamsaidia.

Tunataka cheti cha ISO 9001, si kinasema miaka 3?

Hakisemi. ISO 9001 ya 2015, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, haijataja mwaka hata mmoja, inakutaka wewe uamue, uandike, alafu ufuate ulichoandika. Inataka pia ionekane nani aliruhusu bidhaa kutoka. Wengi wanaandika 3 kwa sababu cheti kinadumu miaka 3, basi ni mazoea. Ukiandika 10 na mkaguzi akakuta una 4 umejikamata mwenyewe, andika unachoweza kukitimiza.

TRA anaingiaje kwenye karatasi za ubora?

Mamlaka ya Mapato anaingia vizuri tu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka nyaraka za kodi zitunzwe miaka 5. Sasa wewe umenunua mahindi tani kadhaa, ukayakataa mengine kwa unyevu, mengine yakaoza, pumba zikatoka, unga uliouza unaonekana mdogo kuliko mahindi uliyonunua. Akiuliza ile tofauti imekwenda wapi utamwonyesha nini? Fomu ya mapokezi yenye unyevu, uzito uliokataliwa na saini ya aliyekataa. Kwa sababu hiyo karatasi zote zinazoonyesha kukubali au kukataa mzigo tunashauri zifuate miaka 5, hata kama unga wenyewe uliisha zamani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye kodi ikishapotea bila habari unailipia wewe.

Nina mashine ya sembe tu, kwanini nijisumbue hivyo?

Kwa sababu ya sumukuvu (aflatoksini), sumu inayotokana na ukungu kwenye mahindi. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa unga wa mahindi kinaruhusu sumukuvu zote kwa pamoja zisizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina ya B1 isizidi 5. Sumu hii haionekani kwa macho, na ukipika ugali haiishi. Madhara yake mengine, kama ya ini, yanakuja taratibu kwa miaka, hayaji siku ileile kama tumbo la kuharisha, na ndo maana rekodi za unga zinatakiwa zidumu kuliko unga.

Tuseme mamlaka imechukua sampuli dukani Tunduma na pakiti yako imezidi kiwango. Swali la kwanza ni bechi namba ngapi, la pili mahindi ya hiyo bechi yalitoka kwa nani, la tatu ni nani mwingine kauziwa. Kama una fomu inayosema bechi hii imetoka kwenye mzigo wa fulani wa Mbozi, unyevu ulikuwa asilimia 13 siku ya kupokea (kikomo cha mahindi ni 13.5), kipimo cha sumukuvu kilisoma hivi, ikasagwa tarehe fulani zamu ya usiku, ikapelekwa maduka haya na haya, basi unarudisha hiyo bechi peke yake na mzigo uliotoka kwa mkulima huyo. Usipokuwa nayo unarudisha kila kitu chenye jina lako kuanzia Tunduma mpaka Makambako, na bado hutaweza kumwambia mtu yeyote kwamba uliobaki ni salama. Nimeona mtu akikaa na daftari la kaunta kurasa zimebandikana kwa unga akijaribu kukisia mahindi ya lini yaliingia lini, inauma kumwangalia, maana kazi ya kupima alikuwa ameifanya kweli, alikosa tu namba ya bechi juu ya ukurasa.

Kama unaongeza virutubishi (madini chuma, zinki, foliki asidi, B12) basi na karatasi ya kila siku ya kiasi cha mchanganyiko ulichoweka iende humohumo kwenye faili la bechi, pamoja na namba ya mfuko wa virutubishi ulioufungua siku hiyo.

Parachichi, kahawa na chai zinazoenda nje je?

Hapo anayeamua ni soko la mnunuzi.

GlobalG.A.P., kiwango cha kilimo bora ambacho wakulima wengi wa parachichi wanakijua, kinataka rekodi zipatikane kwa angalau miaka 2. Ukiuza Umoja wa Ulaya kuna sheria namba 178 ya 2002 inayotaka ujue mzigo umetoka kwa nani na umeenda kwa nani, na mwongozo wake unaelekeza miaka 5 kwa bidhaa isiyo na ekspaya, na miezi 6 kwa vile vinavyoharibika haraka sana. Kahawa ya Mbozi na Mbinga imeongezewa na sheria ya Ulaya ya 2023 ya mazao yasiyotokana na kukata misitu, ambayo inamtaka mwingizaji atunze nyaraka miaka 5, na yeye akitakiwa kuzitunza miaka 5 ujue atakutafuta wewe uliye nazo, kwahiyo uwe nazo. Chai haimo kwenye ile sheria ya misitu. Marekani kanuni zao za chakula cha kawaida zinataka miaka 2 tangu rekodi ilipoandikwa, na vyakula vya makopo vyenye asidi kidogo miaka 3 tangu vilipotengenezwa. Mnunuzi anayefuata BRCGS (kiwango cha usalama wa chakula) atakudai maisha ya bidhaa jumlisha miezi 12.

Ukiuza sehemu mbili tofauti usitengeneze mafaili ya aina mbili, fuata yule mwenye muda mrefu, basi.

Sisi tunatibu nguzo Mafinga, ekspaya ya nguzo ni lini?

Swali zuri kuliko yote na ndo linalopuuzwa kuliko yote. Nguzo ya mlingoti (mkaratusi) au msindano (paini) ikitibiwa sawasawa inakaa ardhini miongo kadhaa. Isipotibiwa sawasawa inaoza pale inapogusana na udongo, na hilo linaonekana baada ya miaka, wakati fundi aliyekuwa kwenye mtungi (tangi la kutibia nguzo) keshaondoka na meneja keshabadilika. Kwahiyo karatasi ya kila mtungi, yaani unyevu wa mti kabla ya kutibu, vakyumu ilikuwa kiasi gani na kwa dakika ngapi, presha, dawa iliingia kilo ngapi kwa mita ya ujazo, na majibu ya kutoboa kuangalia dawa imezama milimita ngapi, hiyo karatasi itunzwe kwa muda wote unaotarajia nguzo isimame. Dawa yenyewe mara nyingi ni ya shaba, kromiamu na aseniki, kwahiyo kuna na suala la afya za wafanyakazi na maji ya jirani, hizo ni sababu nyingine za kutoharakisha kuchoma.

Nguzo ina chapa, ya mtengenezaji na ya mwaka. Ikianguka mtu ataisoma ile chapa na atakuja kwako. Chapa iunganishwe na namba ya mtungi kwenye rejista yako, la sivyo una miaka 20 ya karatasi na hujui ipi ni ya nguzo ipi.

Na tofali za bloku, saruji, zege?

Wazo ni lilelile. Nguvu ya saruji na zege hupimwa rasmi siku ya 28, kwahiyo kuna muda ambao bidhaa imeshatoka na jibu la kipimo halijaja, usifunge faili la bechi mpaka majibu ya siku 28 yaingie. Kwenye mikataba ya ujenzi mara nyingi kuna kipindi cha kurekebisha kasoro, mara nyingi miezi 12, watu wanadhani kikiisha wamemaliza. Hawajamaliza. Sheria ya Ukomo inampa mtu miaka 6 ya kufungua madai yanayotokana na mkataba, na miaka 3 kwa madhara yasiyo ya mkataba. Kwa kitu cha kubeba uzito wa jengo, miaka 6 baada ya kukabidhi iwe ndo chini kabisa, na mimi ningetunza zaidi ya hapo maana jengo linasimama na watu wanalala ndani.

Natengeneza mashine za kusaga na kukoboa, nina karakana ndogo. Na mimi pia?

Na wewe pia. Mashine yako itasaga miaka mingi huko Ileje na siku moja shafti itakatika au kinga ya mkanda itatoka. Unaweza kuiga watu wa magari, kiwango chao cha IATF 16949 kinataka rekodi za kuidhinisha kipuri na za vifaa vya kukitengenezea zikae muda wote ambao kipuri bado kinazalishwa au kinahudumiwa, jumlisha mwaka mmoja wa kalenda. Kwako maana yake ni kwamba alimradi bado unauza spea za mashine ile, karatasi zake hazitoki kabatini. Na gonga namba kwenye fremu ya kila mashine.

Dawa na vifaa tiba?

Hapo usijiamulie, kaongee na TMDA. Kwa kujua tu, mwongozo wa WHO ni angalau mwaka 1 baada ya dawa kuekspaya, na ISO 13485, kiwango cha ubora cha vifaa tiba, inataka maisha yote ya kifaa lakini isipungue miaka 2 tangu kilipotoka kiwandani.

Cheti cha mizani na vipimo navyo ni rekodi ya ubora?

Ndiyo, na watu wanavitupa kila kipya kinapokuja. Ukisema mahindi yalikuwa na unyevu wa 13, mtu atauliza hicho kipimo kilikuwa kinasoma sawa mwaka ule? Cheti cha mwaka huu hakijibu swali la mwaka juzi. Kwahiyo cheti cha kalibresheni na karatasi ya Wakala wa Vipimo vikae muda uleule wa fomu zilizojazwa kwa kutumia kifaa hicho. Hata kifaa chenyewe kikiharibika ukakitupa, cheti kinabaki.

Ongeza na orodha ya majina na saini za wakaguzi wako, kila mtu na mfano wa saini yake. Baada ya miaka mitatu ile saini ya mkunjo mmoja hakuna atakayeijua ni ya nani.

Karatasi zinazotoka kwenye mashine zimefutika, zimebaki nyeupe!

Hiyo ni karatasi ya joto, kama risiti za EFD. Joto, mwanga na mafuta ya mikono vinaifuta, na ukiiweka kwenye bahasha ya plastiki inaweza kufutika upesi zaidi. Siku ileile itoe fotokopi au iskani, andika namba ya bechi juu ya kopi, mkaguzi asaini kopi. Ile ya awali ibane nyuma.

Naweza kutunza kwenye simu au kompyuta niachane na makaratasi?

Unaweza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua rekodi za kielektroniki, ila zinatakiwa ziwe kamili, zisomeke na zipatikane zikihitajika. Picha iliyotumwa kwenye grupu la WhatsApp la kiwanda haijatunzwa, imetumwa tu, simu ikiibiwa au chati ikifutwa imekwenda. Iskani, ipe faili jina lenye tarehe na bechi, weka kopi kwenye kompyuta ya ofisi, nyingine kwenye diski ya nje inayolala sehemu tofauti na kiwanda, nyingine mtandaoni kama bando linaruhusu. Flashi moja ya meneja inayozunguka kwenye funguo za gari haihesabiki. Na kila mwaka fungua chache uone kama bado zinafunguka, maana kama programu ya zamani imeondolewa faili lipo lakini halisomeki.

Eksel ni nzuri ila mtu anaweza kubadilisha namba ya mwezi uliopita bila alama yoyote. Kila mwisho wa mwezi igeuze kuwa PDF, ifunge.

Huku Tukuyu mvua haikatiki, makaratasi yanaota ukungu.

Najua. Usiweke maboksi chini kwenye sakafu wala yasiegemee ukuta wa nje, yaweke juu ya chaga na uache nafasi hewa ipite. Boksi la plastiki lenye mfuniko ni zuri kama karatasi zimeingia zikiwa kavu, zikiingia na unyevu umeufungia ndani. Kalamu ya wino wa maji inachuruzika, tumia bolpeni. Stoo ya rekodi isiwe stoo ya pumba, panya wa pumba hachagui, atakula na faili. Juu ya kila boksi andika kwa maka pen bidhaa, mwezi wa kwanza na wa mwisho, na tarehe ya kuteketeza.

Nimekosea kujaza, nipake tipeksi?

Usipake. Piga mstari mmoja ili namba ya zamani isomeke, andika sahihi pembeni, weka saini na tarehe. Fomu yenye tipeksi mkaguzi anaiangalia mara mbili na ana haki. Na usijaze fomu za wiki nzima Ijumaa jioni kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, inaonekana.

Muda ukiisha niuzie tu watu wa karanga?

Tafadhali hapana. Nimenunua karanga Mwanjelwa zimefungwa kwenye fomu ya mapokezi ya kiwanda, jina la mkulima lipo, namba ya simu ipo, bei aliyolipwa ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu na wewe, taarifa za watu huzigawi hovyo na huzikalii bila sababu baada ya kazi yake kuisha. Chana au choma mbele ya watu wawili, andika kwenye rejista umeteketeza maboksi gani, ya kipindi gani, nani kaidhinisha. Hiyo rejista ya kuteketeza usiitupe kamwe.

Kabla ya kuteketeza uliza kitu kimoja: kuna lalamiko, kesi, ukaguzi wa kodi au mzigo unaogombaniwa unaogusa hizo bechi? Kama lipo hata moja boksi linarudi kabatini mpaka liishe, hata kama tarehe yake ilipita.

Nimeuza kiwanda, rekodi ni za nani?

Liandikeni hilo kwenye mkataba wa mauziano. Mliyoyazalisha kabla ya mauzo yanaweza kukurudia wewe, kwahiyo baki na kopi.

Sina kitu kabisa, naanzia wapi?

Anza na bechi ya kesho asubuhi. Ipe namba, hata tarehe na zamu inatosha, igonge kwenye pakiti, iandike juu ya fomu ya mapokezi, fomu ya uzalishaji, fomu ya ukaguzi na delivari noti, karatasi hizo nne uzibane pamoja. Andika ukurasa mmoja unaotaja kila aina ya rekodi, inatunzwa wapi, na nani, kwa muda gani, bosi asaini. Baada ya mwezi nenda duka lolote linalouza bidhaa yako, chukua pakiti moja, soma namba, rudi nayo mpe kijana wa ubora akutafutie faili lake uone anachukua muda gani. Likipatikana kabla chai haijapoa mko vizuri, endeleeni na bechi nyingine. Lisipopatikana tatizo mara nyingi liko kwenye delivari noti, hapo ndo namba ya bechi husahaulika, anza kurekebisha hapo.